Kigelegele Kilichosubiri Harusi

Mtu akikwambia kigelegele ni kelele tu za wanawake, mwambie hakuwahi kumsikia Zipora. Kuanzia mashamba ya zabibu ya upande huu wa Msalato hadi kule unakojengwa uwanja wa ndege, Zipora akipiga, waliokuwa wameinamia majembe walinyanyuka. Wala hawakuuliza kuna nini. Kikiwa kirefu na cha kupepesuka, walijua kuna mtoto kazaliwa. Kikiwa cha kukatakata, kinapanda na kupanda, walijua kuna bibi harusi anatolewa nje. Mume wake Matonya, mzee mpole asiye na makuu, alizoea kusema kwamba yeye hakumwona Zipora kwanza. Alimsikia, akaifuata ile sauti hadi kwao.

Sasa kijijini kwao kuna jambo moja ambalo halina mjadala. Siku binti anapotolewa nyumbani kwenda kuolewa, anasimama kizingitini, shela usoni, na watu wote wananyamaza. Anayefungua kigelegele ni mama mzazi. Mwanamke mwingine akijitia kutangulia, hata awe shangazi, ataitwa mwenye kijicho na jina hilo litamfuata mpaka kaburini. Mama akishapiga chake, basi hapo hata vikongwe wanaachia, na vumbi linatimka.

Zipora aliwahi kupiga kwa mabinti wa watu wengi, lakini siku zote baada ya mama zao. Alikuwa anangoja zamu yake. Alizaa wavulana wanne kwanza, kisha ndipo akaja Devota, kitinda mimba, na majirani wanasema siku hiyo mkunga hakuwa na haja ya kutangaza chochote, maana mzazi alijipigia mwenyewe kitandani, hata kitovu hakijakatwa. Tangu mtoto ananyonya, mama yake alikuwa anakihesabia kigelegele cha siku ya kumtoa.

Kichekesho ni kwamba Devota mwenyewe hakijui kabisa. Mungu hakumpa. Mama yake alimfundisha shambani, jikoni, kisimani, wapi! Binti akifungua mdomo, inatoka sauti ya bata aliyekanyagwa.

"Inua ulimi, mwanangu!" Zipora alikuwa akimwambia, huku amejishika mbavu kwa kicheko. "Uinue, upige kaakaa. Usikaze koo. Hivi ulimi huo nilikuzalia wa nini?"

"Nikija kuzaa binti mimi, utanisaidia kumpigia," Devota alikuwa akijibu.

"Nani akusaidie? Jifunze!"

Alipotokea Meshack, kijana wa Mpwapwa, karani katika ofisi moja pale mjini, na mahari ikakubaliwa bila kuvutana, harusi ilipangwa iwe baada ya mavuno ya zabibu. Zipora akaanza kutembea kama msichana. Na ni kipindi hicho hicho, ukiuliza ubaya wa dunia, ndipo alipokuwa na kidonda pembeni ya ulimi.

Alidhani ni jino. Lilikuwapo gego moja lililovunjika, lenye ncha, na yeye akasema ndilo linalomkwaruza. Akasukutua kwa maji ya chumvi. Akabandika ugoro, ati unakausha. Kidonda hakikukauka. Aliyemburuta hospitali ni mdogo wake, Dorkasi, mwanamke mwenye mdomo wa pilipili ambaye huwa hambembelezi mtu.

"Dada, unanuka mdomo," alimwambia mbele ya wageni. "Kesho tunakwenda mjini."

Kwenye ile hospitali kubwa ya mjini walimkata kinyama kidogo wakakipima. Waliporudi kuchukua majibu, aliyewapokea ni Daktari Hilda, mama mfupi wa makamo, msema kweli, ambaye kabla ya yote alimwamkia Zipora shikamoo na kumvutia kiti. Kisha akasema jina la ugonjwa. Saratani. Dorkasi akaanza kulia pale pale. Zipora hakulia, alikuwa anamtazama daktari mdomoni.

"Tutaondoa upande huu wenye ugonjwa, mama," daktari alimweleza taratibu. "Upande wa pili wa ulimi utabaki. Hilo pengo tutaliziba kwa kipande cha ngozi na nyama kutoka kifuani mwako mwenyewe. Hatukitenganishi na mshipa wake wa damu. Tunakipitisha chini ya ngozi ya shingo mpaka mdomoni, tunakishona pale, kinashika."

"Kama kiraka," Zipora akasema.

"Kama kiraka kilicho hai. Utakula, utaongea, watu watakuelewa."

"Na kigelegele?"

Daktari Hilda hakucheka. Aliweka kalamu chini. "Sitakudanganya, mama. Kile kipande kinajaza nafasi, lakini hakichezi kama ulimi. Kigelegele sikuahidi."

Basi Zipora akaomba muda. Aliomba kama anavyoomba mtu kituo cha polisi, kwa mikono miwili. Namwoza binti yangu, alisema, mmoja tu ninaye, baada ya mavuno. Nikishampigia mlangoni, nitakuja mwenyewe kwa miguu yangu, mkate mnachotaka. Daktari akamwambia ugonjwa huu hausubiri harusi ya mtu. Akamwambia mara ya pili, na ya tatu, akamwomba na Dorkasi amsaidie. Zipora akasimama, akaaga vizuri kabisa, akaondoka.

Nje, chini ya jua lile la Dodoma lisilo na huruma, Dorkasi alimshika mkono. "Ngojangoja huumiza matumbo, dada."

"Kawia ufike."

"Ufike wapi? Makaburini?"

"Dorkasi, wewe umekwisha kuwapigia binti zako wawili. Mimi sijapiga hata kimoja. Ukimwambia Matonya au mtoto, undugu wetu umekufa leo hii."

Nyumbani akasema daktari ametaka arudi baada ya mavuno. Matonya akaamini, kwani lini Zipora alimdanganya? Dorkasi akanyamaza. Ni mara moja tu katika maisha yake yote amenyamaza, na mpaka leo akilikumbuka anajipiga paji la uso.

Hapa ndipo mtu anapoweza kumkasirikia Zipora, na wengi walimkasirikia. Lakini subiri. Mwanamke alikuwa ameshapiga hesabu yake, na hesabu haikuwa mbaya sana: mavuno yako karibu, harusi inafuata, hospitali inafuata. Wiki kadhaa tu. Asichokijua ni kwamba zabibu zikiwa bado mtini, baba yake Meshack angeanguka akichota maji, asiamke tena.

Msiba ni msiba. Wazee wa Mpwapwa wakasema kijana haoi mpaka matanga yaondolewe na masika yapite, na wazee wa Msalato wakaona ndivyo inavyostahili. Zipora alikwenda kuzika, akalia kuliko wafiwa. Watu wakamsifu kwa kumpenda mkwewe. Yesu wangu! Hawakujua analilia nini.

Na bado hakurudi hospitali. Alijiambia, nimeshavumilia mpaka hapa. Kidonda kikawa uvimbe, uvimbe ukavuka katikati ya ulimi kwenda upande wa pili. Sikio likaanza kumuuma. Ugali wa mtama ukamshinda, akawa anakunywa uji huku amefumba macho. Watu walipomwuliza mbona unakonda, alisema anajipunguza ili gauni la harusi limkae. Wakacheka naye. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini yeye aliyaficha hata kwa kicheko.

Devota alikuwa akifanya kazi kwenye duka la vitambaa mjini na kurudi nyumbani siku za mapumziko. Jumamosi moja alikuta kanga ya mama yake imelowekwa kwenye beseni, na maji ni mekundu. Hakuuliza. Alimvalisha viatu, akaita bodaboda mbili, na Jumatatu hawakuisubiri.

Daktari Hilda aliitwa akaja. Alipomwona Zipora alimkumbuka papo hapo, na alipomwona binti aliyemshikilia, uso ukamlegea kwa namna ya upole.

"Shikamoo, mama. Na huyu bila shaka ndiye bibi harusi," alisema. "Hongera, dada. Mama yako alikupigania kweli. Tulitaka kumfanyia upasuaji tangu kabla ya mavuno, akakataa katakata mpaka akupigie kigelegele chako. Kilifana?"

Devota akamtazama daktari, akamtazama mama yake.

"Harusi ipi, daktari?" akauliza. "Mimi bado sijaolewa."

Daktari akavuta kiti akakaa. Alipompima Zipora, alitumia taa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akasema sasa hawataweza kuuacha upande wa pili. Ulimi karibu wote utaondolewa. Kipande cha kifuani nacho itabidi kiwe kikubwa zaidi. Hakumlaumu mtu.

Kwenye korido, kwenye benchi la wagonjwa, Devota alilia kwa hasira. Kulia huko ndiko kubaya.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema. "Ulimi wako unaondoka kwa sababu yangu."

"Si wewe," Zipora alijibu, maneno yameanza kuwa mazito. "Ni mimi nilitaka."

"Basi piga sasa. Mama, nakuomba, piga hapa hapa." Alikuwa ameshatoa simu. "Hata kidogo tu, hata kama kinauma. Nitakihifadhi, siku ya harusi tutakiweka, watu wote watakisikia ni chako."

Ulimi ulikuwa mzito na unawaka moto, lakini bado ulikuwa unageuka. Angeweza. Si kama zamani, ila angeweza, hata mwenyewe alilijua hilo. Lakini Zipora alikuwa mwanamke wa kwao. Kigelegele cha harusi hakipigwi hospitalini, na hakipigwi kabla ya harusi. Ni uchuro. Ukikitanguliza, harusi haitakuja, au itakuja na msiba mgongoni, na tayari mkwe mmoja alikuwa amekwisha kuzikwa. Angemwombea mwanawe balaa kwa mdomo wake mwenyewe?

"Weka hiyo simu," akasema. "Nitakupigia mlangoni kwetu."

Devota akaiweka. Hayo ndiyo yalikuwa karibu maneno ya mwisho kamili ambayo mama yake alimwambia, na ilikuwa ahadi.

Upasuaji ulichukua mchana mzima. Walipomruhusu Devota kuingia, alimkuta mama yake amevimba uso, bomba shingoni la kupumulia, mpira puani wa kulishia, na mdomo uko wazi kidogo. Ndani ya mdomo kulikuwa na kitu cheupe cheupe, laini, kilichojaa na kutulia. Muuguzi alikuwa akija kila mara na tochi, anakibonyeza kwa kidole, anaangalia rangi yake, anangoja damu irudi.

"Kimeshika," alimwambia Devota kwa furaha ya kweli. "Kizuri sana. Kina joto."

Devota alitaka kufurahi. Alishindwa.

Siku alipomwogesha mama yake kwa mara ya kwanza ndipo alipoona kilikotoka. Mshono ulianzia chini ya titi la kushoto, ukapanda, na titi lenyewe lilikuwa limevutwa, limelala upande. Zipora akakamata shuka ajifunike. Devota akamzuia mkono, akaendelea kuosha, taratibu, kwa kitambaa cha uvuguvugu. Alikuwa anawaza kwamba titi hilo ndilo alilolinyonya yeye, kitinda mimba, mpaka akawa mkubwa wa kuchekwa. Na sasa nyama yake imeitwa mdomoni ikazibe alichokiharibu yeye. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na hakuna aliyekuwepo wa kumwambia anajionea bure.

Baada ya mionzi, ambayo aliifuata Dar es Salaam na kurudi mweusi shingo yote, Zipora alirudi nyumbani. Chakula alichokimudu kilikuwa mlenda, kwa sababu unateleza wenyewe, na ugali umelainishwa ukawa kama uji. Chai ilipita juu ya kile kiraka asijue ni ya moto au ya baridi, mpaka ifike kooni imchome. Aliongea, lakini maneno yalitoka yamekatwa, herufi zile zinazohitaji ulimi zimepotea zote. Watu wakiitikia "Ee, mama, ndiyo," alijua hawajaelewa. Matonya ndiye aliyejitahidi kupita wote. Alikuwa akiinamisha kichwa, anasikiliza, kisha analeta kitu: kama si maji, kigoda, kama si kigoda, jembe. Zipora alikuwa akikipokea chochote kilicholetwa.

Asubuhi alikuwa akienda peke yake katikati ya mizabibu. Dorkasi alimfuata siku moja kwa siri, akarudi na macho mekundu. Hakutaka kusema alichokisikia kule.

Matanga yakaondolewa, masika yakapita. Meshack, mwana wa watu, alikuja mwenyewe kuuliza kama mama yuko tayari. Devota alitaka jambo liishe haraka: avalie mjini kwenye nyumba ya kupangisha, aende kanisani kutokea huko huko, mlango usihusike. Alimweleza mama yake kwa uangalifu, akitafuta maneno yasiyoumiza. Zipora alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha kidole kwenye mlango wa nyumba yao, ule wa mbao uliopakwa rangi ya bluu, akakiacha kidole pale mpaka binti akainamisha kichwa na kukubali.

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Walikuja wa Msalato, wakaja wa Mpwapwa, akaja na mshereheshaji kutoka mjini, kijana wa miwani mwenye spika mbili kubwa na mashine yake ya muziki. Zipora alivaa kitenge kipya na mtandio wa kuzungushia shingo. Alisimama mahali pake, mbele ya mlango, na leso ya kufutia mate ameikunja ndogo kiganjani.

Mlango ukafunguliwa. Devota akasimama kizingitini, shela usoni. Watu wakanyamaza, hata watoto.

Zipora akavuta pumzi. Labda aliamini kweli kwamba mlangoni ingekuwa tofauti na kule shambani, kwamba kitu kilichongojewa miaka yote ile kingejua njia. Akafungua mdomo. Kile kiraka kililala pale pale kilipolala. Kooni ikatoka sauti moja nene, ndefu, isiyokatika, ikaenda ikiyumba juu ya vichwa vya watu. Kikongwe mmoja wa Mpwapwa, mwenye macho mabovu, akashika kichwa kwa mikono miwili akauliza, "Nani kafa?"

Zipora alisikia. Akafunga mdomo kwa leso.

Yule mshereheshaji, ambaye hakuwa na habari wala hakuwa na ubaya, akadhani ni yeye anayesubiriwa. Akabonyeza kitu kwenye mashine yake, na vigelegele vikafumuka kutoka kwenye spika, vya wanawake wasiojulikana, vikali, vilivyonyooka, vinarudia pale pale kila vikimalizika.

"Zima!" Dorkasi alipiga kelele. "Zima hilo dubwana lako, mwana laana wee!"

Akazima. Kimya kikarudi kikiwa kibaya kuliko mwanzo. Wanawake wa kijiji walisimama wamekaza midomo, machozi yanawatiririka. Kila mmoja angeweza kumsaidia. Hakuna aliyethubutu kumtangulia mama akiwa hai, amesimama.

Hapo ndipo Devota alipofunua shela, jambo ambalo bibi harusi hafanyi. Alimtazama mama yake. Kisha akafungua mdomo wake yeye, wenye ulimi mzima, akajaribu. Ikatoka ile sauti ya bata. Akajaribu tena, ikakatikia kooni. Siku nyingine uwanja mzima ungeanguka kwa kicheko. Hakucheka mtu.

Zipora alimsogelea. Ile leso ilikuwa imeanguka na hakuinama kuiokota. Akamshika binti yake kidevu kwa vidole viwili, kama alivyokuwa akimshika kule kisimani, akakiinua kidogo.

"Iua uimi," alisema. "Iua uimi, mwa'au. Uhikahe koo."

"Mama anasemaje?" shangazi mmoja wa Meshack aliuliza kwa sauti ya chini.

Matonya akainamisha kichwa kusikiliza, kama kawaida yake, na safari hii hakuleta chochote.

"Ananiambia niinue ulimi," Devota alisema.

Akainua. Akapiga kaakaa. Lakini koo lilikuwa limeshakaza kwa kilio, hakikutoka hata cha bata. Mama yake alingoja, kidole kidevuni, akitikisa kichwa taratibu kumtia moyo, akangoja mpaka dereva wa gari la harusi akaanza kutazama saa. Mwishowe Zipora mwenyewe akamshushia shela, akainyoosha vizuri pembezoni, akasogea kando ya mlango. Devota akavuka kizingiti kimya kimya, na hakuna mwanamke aliyefungua kigelegele.